Kona ya Fundi: Ski za nyumbani, kigezo chenye kinundu na soli iliyobanduka

Mwezi uliopita niligusia kwa aya mbili tu zile ski, mbao za kuteleza kwenye theluji, nilizojitengenezea karakanani, nikadhani nimepita. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zimekuja za kujaza droo, nyingine zina picha za vitu vilivyovunjika, na hizo ndizo ninazozipenda zaidi. Nimechagua saba. Kabla hatujaanza, mjue mnaongea na nani: mimi ni fundi samani, nimetengeneza jozi kumi na moja za ski na mbao tatu za theluji, yaani ule ubao mmoja mpana unaosimamiwa kwa miguu yote miwili. Jozi nne zimekufa, na moja kati ya hizo ilikufa ingali ndani ya presi ya kubania tabaka, theluji haijaiona. Mengi ninayoyajua nimefundishwa na hizo nne.

*Shikamoo fundi. Nina jigso, drili, randa ya mkono na ruta ndogo. Meza ya msumeno sina. Nikusanye zana kwanza au nianze na hizi?*
Seremala wa Wikendi

Marahaba. Anza na hizo. Ongeza klempu, maana klempu hazijawahi kumtosha mtu, na vernia ya kupimia unene. Ukishakuwa na hivyo, kinachobaki ni kigezo, yaani bapa lenye umbo la ski unalolifuata unapokata, na kigezo hakinunuliwi.

Kwa waliodandia njiani: ski ya siku hizi ni tabaka zilizogandishwa pamoja. Chini kabisa kuna soli ya plastiki, polietilini ile nzito, unene wake milimita 1.3 hivi, imezungukwa na kingo za chuma. Juu yake faibaglasi, kisha kiini cha mbao chenye mbavu za plastiki pembeni, faibaglasi tena, na mwisho ngozi ya juu, ambayo mara nyingi ni nailoni. Epoksi, gundi ya resini inayoganda ikichanganywa na hadena, ndiyo inayovishika vyote.

Sasa, soli inakatwa kwa kufuata kigezo. Kingo zinakunjwa kufuata soli. Kiini nacho kinakatwa kutoka kigezo hichohicho, kikubwa kidogo. Kwa hiyo kosa la milimita moja kwenye kigezo utalikuta kwenye kila ski utakayotengeneza hadi siku utakapokitia moto. Changu cha kwanza kilikuwa na kinundu upande wa kushoto, karibu na mahali pa kiatu. Nilikisikia kwa kidole, nikajiambia msasa utakimaliza baadaye. Jozi tatu zilitoka na kinundu hicho. Theluji ikiwa ngumu, ski moja ilikuwa inauma ghafla katikati ya kona kama mbwa aliyekanyagwa mkia, na mimi nikawa nalaumu magoti yangu.

Dawa yake ni kutengeneza kigezo cha nusu tu, upande mmoja wa ski. Unapiga mstari wa katikati kwenye malighafi, unapitisha ruta upande mmoja, unakigeuza kigezo, unapitisha upande wa pili. Pande mbili haziwezi kutofautiana, kwa sababu ni upande mmoja uliotumika mara mbili.

Kuhusu kiuno, yaani ule mbinyo wa pembeni unaoifanya ski igeuke, hesabu yake si ya kutisha. Chukua urefu wa sehemu inayogusa theluji, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa mara nane ya kina cha kiuno. Urefu wa milimita 1,500 na kina cha milimita 17.5 vinakupa nusu kipenyo cha mita 16 hivi, ambacho mtu mzima wa kawaida atakifurahia. Upinde wenyewe uchore kwa ubapa mwembamba wa mbao usio na fundo: pinda kwenye misumari mitatu, pitisha penseli, halafu piga magoti uangalie mstari ukiwa umelaza jicho. Jicho linaona kinundu ambacho rula inakipita.

Kiini kiwe na milimita 2 kwenye pua na mkia, 11 chini ya kiatu. Ruta yako ndogo inatosha. Weka reli mbili zenye mteremko huo, moja kila upande wa kiini, na ruta ikae kwenye kitoroli cha plaiwudi kinachoteleza juu ya reli. Utajaza pipa zima la unga wa mbao lakini mteremko utatoka laini. Usikate kiini kutoka ubao mmoja mpana. Gundisha vipande vyembamba vilivyosimama, ukikigeuza kimoja baada ya kingine ili nyuzi zisivute upande mmoja. Popla ni nyepesi na inakubali randa. Katikati weka vipande viwili vya eshi au mepo, skrubu zipate pa kushika.

*Fundi, kaka yangu anasema mfuko wa ombwe ni mchezo wa watoto, presi ya kweli ni ya mpira wa maji wa zimamoto. Nina kompresa, mpira mkuukuu na vyuma vya kutosha. Nimsikilize?*
Dada mwenye Kompresa

Dada, kaka yako anasema kweli nusu, na nusu iliyobaki inaweza kumng'oa mtu meno.

Mfuko wa ombwe unanyonya hewa, na hewa ya nje ndiyo inayobana. Haiwezi kuzidi kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, hata pampu iwe ya dhahabu. Ski yenye urefu wa sentimita 180 na upana wa wastani wa sentimita 10 ina eneo la sentimita za mraba 1,800, kwa hiyo ni kama tani 1.8 zimeikalia, zimetandazwa sawasawa, bila chuma hata kimoja. Si mchezo wa watoto huo. Howard Head, yule mhandisi wa ndege wa Marekani ambaye ski zake za aluminiamu ziliingia sokoni mwaka 1950, alipokuwa bado anahangaika na majaribio alitia tabaka zake kwenye mfuko wa mpira, akanyonya hewa kwa pampu ya friji kuukuu, kisha akauchemsha mfuko kwenye mafuta machafu ya injini. Kwa hiyo anayecheka pampu ya friji anamcheka mtu aliyeibadilisha ski ya dunia nzima. (Yale mafuta ya kuchemka, tafadhali, mwachieni yeye.)

Udhaifu wa ombwe ni kwamba linavuja. Ziba mfuko, nyonya, zima pampu, nenda kalale. Ukikuta asubuhi geji imeshuka sana, tafuta tundu kabla hujafungua kopo la epoksi, si baada.

Mpira wa zimamoto unabana zaidi. Unalazwa bapa kati ya kalibu, ile inayoipa ski umbo lake, na mihimili ya chuma, ncha zake zinafungwa kwa vibao vya chuma na bolti, unajazwa upepo. Kwa kilo 3 kwa sentimita ya mraba, ski yetu ileile inabanwa na tani 5.4. Ubao wa theluji wa sentimita 155 kwa 28 unabanwa na tani 13. Tani 13, dada! Bolti ulizookota na weldi uliyojifunza juzi zisishike kazi hiyo. Mihimili ikipinda hata kidogo katikati, kalibu inapinda nayo, na ski inatoka na umbo lisilo lake. Usijaze upepo mpira ukiwa hauna kitu juu yake cha kuukabili, na usisimame mbele ya ncha zake. Weka valvu ya usalama, na swichi ya kompresa iwe mbali na presi. Mimi hujaribu presi tupu, yenye kipande cha mbao badala ya ski, kwa saa nzima kabla ya kuiamini.

Ushauri wangu: jozi ya kwanza fanya kwa ombwe. Ukiona umezoea kazi, jenga presi, na umtafute mchomeleaji ambaye si kaka yako.

Na hapa niwasimulie ile jozi iliyokufa ndani ya presi. Nilipanga tabaka vizuri, kila kitu mahali pake, nikafunga, nikajaza upepo. Epoksi mbichi inateleza kama samaki. Kiini kilitembea milimita 12 kuelekea kushoto na faibaglasi ikakifuata. Nilipofungua kesho yake ukingo mmoja ulikuwa umekaa hewani. Tangu siku hiyo huacha urefu wa ziada mbele ya pua na nyuma ya mkia, kwenye sehemu itakayokatwa na kutupwa, natoboa tabaka zote pamoja na kuzipigilia pini kwenye kalibu.

*Fundi, mimi ni mtengeneza boti, faiba naijua. Ski zangu zilitoka safi lakini siku ya tatu soli ilianza kubanduka mkiani, sasa imefika katikati. Upande wa soli unang'aa kabisa, epoksi yote imebaki kwenye faiba. Nikiikwaruza kwa kucha inaacha alama. Niliongeza hadena kidogo kwa sababu karakana ilikuwa na baridi. Nimekosea wapi?*
Mzee wa Boti

Shikamoo mzee. Umeniandikia barua nzuri kuliko zote, kwa sababu umetazama pande zote mbili za jeraha. Wengi huniambia "imebanduka" wakaishia hapo. Kitu kilichobanduka kina pande mbili, na ukizisoma zinakuambia. Ungekuta nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki kwenye epoksi, gundi haina kosa, mbao ndiyo iliyoshindwa. Ungekuta epoksi pande zote mbili, imepasuka katikati, tungeongea habari ya viputo au presi iliyolegea. Wewe umekuta plastiki inang'aa. Maana yake epoksi haikuishika kabisa; ilikuwa imelala tu juu yake kama maji juu ya jani la mgomba.

Polietilini haipendi gundi yoyote. Soli inayouzwa kwa kazi hii huwa imeshatayarishwa upande mmoja, kwa moto na kwa kukwaruzwa, na huo ndio upande unaotakiwa kutazama juu, kwenye epoksi. Nashuku uliigeuza, jambo ambalo na mimi nimewahi kulifanya saa tano usiku. Kipimo ni tone la maji. Upande uliotayarishwa, tone linatandaa. Upande mwingine linajikunja kuwa shanga. Ukiona shanga, simama. Piga msasa namba 80, kisha pitisha moto wa buluu wa tochi ya gesi haraka, bila kusimama mahali pamoja, jaribu tone tena, na gundisha siku hiyohiyo. Baada ya hapo usiiguse kwa kidole. Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu kazi yote, na sisemi mafuta ya fundi, nasema hata ya mtoto aliyetoka kuoga.

Kosa la pili, mzee wangu, linatokana na ujuzi wako. Utomvu wa poliesta wa kwenye boti ukiuongezea kichocheo unaganda haraka, ukiupunguzia unachelewa. Epoksi haiko hivyo. Resini na hadena zinaungana kwa idadi maalumu, na ile hadena ya ziada inabaki humo ndani bila mwenzake, ikiifanya epoksi kuwa laini milele. Ndiyo maana kucha inaacha alama. Kukiwa na baridi, pasha chumba na kalibu, au tafuta hadena ya haraka, lakini kipimo usikiguse. Pima kwa mizani, na usome kopo vizuri: uwiano wa uzito na uwiano wa ujazo si namba moja.

Joto nalo lina adabu yake. Epoksi nyingi za kazi hii hupenda kupashwa nyuzi joto 60 hadi 80 za Selsiasi, na presi zenye blanketi la umeme hufanya hivyo. Lakini plastiki ya soli inatanuka kwa joto mara nyingi zaidi ya chuma cha ukingo. Inagandishwa ikiwa imetanuka, inapoa, inasinyaa, na asubuhi unakuta soli imekuwa na bonde katikati ya kingo mbili. Ski ya namna hiyo inashika reli na haitaki kugeuka. Nyuzi 60 kwa muda mrefu zimenitendea vyema kuliko 80 kwa muda mfupi. Na kati ya meno ya ukingo wa chuma na faibaglasi weka utepe mwembamba wa mpira. Chuma na faiba hazinyumbuki sawa, na mpira ndio unaozisuluhisha.

Kuzitibu? Kama ingekuwa mkia tu, ningesema piga msasa pande zote mbili, pitisha moto kwenye plastiki, ingiza epoksi mpya, bana kati ya vibao viwili vilivyopakwa nta kwa siku nzima. Lakini epoksi laini iko ndani ya ski yote. Zitundike ukutani, mzee.

*Mke wangu anasema epoksi inanuka mpaka chumbani na ananiwekea masharti. Inanuka kweli, lakini ina madhara?*
Mume Mwenye Masharti

Mkeo ana haki. Ngozi inaweza kuvumilia epoksi mara ishirini, ya ishirini na moja ikakataa, na ikishakataa haibadili mawazo. Wapo mafundi walioacha kazi kwa sababu hiyo. Vaa glavu za nitrili, usinawe mikono kwa thina, tumia sabuni. Fungua madirisha. Unapokata faiba au kupiga msasa vaa barakoa ya vumbi laini, si kitambaa. Na usiache epoksi nyingi kwenye kikombe: inajipasha yenyewe hadi inatoa moshi. Imwage kwenye trei pana, itakupa muda zaidi wa kufanya kazi.

*Nataka kutengeneza ubao wa theluji badala ya ski. Naweza kutumia kiini cha unene uleule?*
Mguu Mmoja Mbele

Hapana, utapata mlango. Ugumu wa ubao unakua pamoja na upana, lakini kwa unene unakua kwa mchemraba. Ubao wa mbao ukiongezwa unene mara mbili unakuwa mgumu mara nane, na hata kiini kutoka milimita 11 kwenda 12 ni karibu asilimia 30 zaidi. Ubao wa theluji ni mpana karibu mara tatu ya ski, kwa hiyo punguza: milimita 7 hadi 8 katikati, 2 na kitu kwenye ncha.

Kazi mpya kwako itakuwa nati za kupachika, zile za M6 ambazo vifungio vya viatu hufungwa kwazo. Zinaingizwa kwenye kiini kutoka chini, mdomo wake mpana ukiwa upande wa soli, zisije zikang'oka unapozivuta. Mpango wa kawaida ni matundu yanayopishana sentimita 4 kwa 4, au 2 kwa 4. Ziba nyuzi za nati kwa nta kabla ya epoksi kuja. Na kabla hujafunika ngozi ya juu, pima umbali wa kila nati kutoka kwenye pini za kalibu, uandike kwenye karatasi. Ubao wangu wa pili nilisahau kuandika. Nilizitafuta nati nane kwa sumaku na tochi hadi usiku wa manane.

Usione aibu kuanza vibaya. Ubao wenyewe ulizaliwa nyumbani: mwaka 1965, Muskegon huko Michigan, Sherman Poppen alifunga ski mbili pamoja ili binti zake wapate kitu cha kuchezea.

*Vifungio vya ski naweza kufunga mwenyewe?*
Asiyependa Foleni

Kutoboa, ndiyo, kwa biti yenye kizuizi cha kina: skrubu huingia milimita 9 hivi, na chini yake soli haiko mbali. Weka kipande cha ziada cha faiba chini ya sehemu hiyo tangu unapopanga tabaka. Lakini kuweka nguvu ya kuachia mguu unapoanguka, mpelekee mtaalamu mwenye mashine ya kupimia. Hilo mimi silifanyi, na mfupa wa muundi wangu unanishukuru.

*Shikamoo babu fundi. Nina miaka 16, hela ya epoksi na presi sina. Kuna njia?*
Mjukuu wa Msomaji Wako

Marahaba mjukuu wangu. Ipo, na ni ya zamani kuliko hizi zote. Watu wameteleza kwa mbao tupu kwa maelfu ya miaka.

Tafuta ubao wa eshi ambao nyuzi zake zinakimbia toka ncha hadi ncha bila kutoka pembeni. Uliopasuliwa kwa kabari ni bora kuliko uliopasuliwa kwa msumeno, maana kabari inafuata nyuzi. Usiwe umekaushwa kwenye tanuri. Uliokauka kwa upepo tu unakubali kupindwa. Randa umbo lake, acha katikati pawe nene, na pua uipunguze hadi milimita 8 au 9.

Kisha pua uitie kwenye mvuke. Kawaida ni saa moja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo yako dakika 20 hadi 30 zinatosha. Wazee waliposema samaki mkunje angali mbichi nadhani walikuwa na ubao wa mvuke mkononi: ukiutoa una dakika moja, pengine chini ya hapo, kabla haujakaidi. Kalibu na klempu ziwe zimeshafunguliwa, na rafiki awe amesimama tayari. Pinda zaidi ya unavyotaka, kwa sababu utarudi kidogo. Uache umefungwa wiki nzima.

Soli yake ni lami ya msonobari. Pasha ubao kwa tochi, paka lami, pasha tena hadi itoe mapovu, futa kwa kitambaa, rudia mpaka mbao isinywe tena. Itanuka moshi kwa siku kadhaa. Ukimaliza zifunge mbili pamoja, soli kwa soli, kwenye pua na kwenye mkia, na katikati utie kipande cha mbao ili upinde usilale. Nitumie picha, hata zikivunjika.